Msimguse Zahran

Mashuka ya hoteli ile ya Mbweni yalianza kunuka udi, na mle chumbani mwa dobi hakuna aliyefukiza. Zahran, aliyekuwa akiyapiga pasi, alimwambia dada yake Rawiya wa mapokezi kuwa kuna mwanamke humwita kila akibaki peke yake.

"Hujaitika lakini?" Rawiya aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nshaitika. Nilidhani wewe."

Mama yao akamvisha hirizi kifuani, akamkataza kuivua hata akioga.

Ijumaa, mchana kweupe, Zahran akaanguka juu ya mashuka mabichi. Rawiya alipofika, kaka mtu hapumui. Nadir, mlinzi wa bwawa la kuogelea, keshapiga magoti anamkandamiza kifua.

"Lete ile mashine ya kushtua moyo. Mbio."

Akaileta, akaiwasha. Ikaanza kuamuru kwa Kiingereza, sauti ya kike, tulivu. Wakampasua shati, wakamkausha maji.

"Hirizi itoke," Nadir alisema. "Imekaa pale pale pa kubandika."

"Mama kasema isitoke."

"Basi atakufa nayo."

Rawiya akaikata kwa mkasi. Wakabandika kipande kimoja chini ya mtulinga wa kulia, cha pili ubavuni kushoto chini ya kwapa, wakarudi nyuma.

"Msimguse mgonjwa," mashine ikasema.

Hakuna aliyemgusa.

"Msimguse mgonjwa."

Nadir akainua mikono yote miwili juu, na hapo, katika harufu ya udi iliyokwisha kuwa nzito mpaka inakaba koo, Rawiya akaona ngozi ya kifua cha Zahran ikibonyea yenyewe, vidole vitano, taratibu, kama mtu apapasaye unga, vikishukia pale moyo ulipo, akajikuta anasoma Ayatul Kursiyyu na kurudia mwanzo kila aliposahau, mpaka vile vishimo vikajaa kimoja kimoja na mashine ikasema bonyeza.

Nadir akabonyeza. Mwili mzima ukashtuka. Akarudi kukandamiza, hadi Zahran akakohoa, akavuta pumzi, na Rawiya akalia.

Wakampakia kiti cha nyuma cha gari ya hoteli kumkimbiza hospitali, vile vipande bado vimembandika, Rawiya kando yake. Walipofika Kiembesamaki akafumbua macho. Hakumtazama dada yake; alitazama nyuma ya bega lake, upande wa dirisha.

"Dada," alisema kwa upole, "sogea kidogo. Mpishe akae."

Kabla Rawiya hajauliza nani, alihisi kiti kinadidimia ubavuni mwake.