Mvi za Mzee Yoakimu

Asubuhi ya Ijumaa, Bernadina alikaa nje ya nyumba ya mwanawe Emanuel, kijijini Endasak. Alikuwa anachambua maharage. Mjukuu wake Loveness, mwenye miaka miwili, alikuwa anamsaidia kwa namna yake. Kila punje mbovu ambayo bibi aliitupa, yeye aliiokota na kuirudisha kwenye ungo.

"Wewe mtoto, tutamaliza lini?" Bernadina alimuuliza. Loveness akacheka, akaokota nyingine.

Zamani Bernadina aliishi Jorodom, mjini Katesh. Desemba mwaka 2023 tope lilishuka kutoka mlima Hanang. Lilimchukua mume wake, Mzee Yoakimu. Lilichukua pia nyumba yao, na albamu yenye picha zao zote.

Picha moja tu ilipona. Yoakimu alikuwa katekista, na picha hiyo ilikuwa imehifadhiwa kwenye ofisi ya parokia. Ilipigwa studio, naye amesimama wima, na nyuma yake kuna kitambaa cheupe. Alivaa shati jeupe, na nywele zake zilikuwa mvi tupu.

Misa ya kumkumbuka ilikuwa ifanyike Jumapili hiyo. Wiki iliyopita familia ilipiga picha mbele ya shamba la mahindi. Bernadina alikaa kwenye kiti, akampakata Loveness. Upande wake wa kulia waliacha nafasi. Yoakimu hakuwahi kukubali kukaa kwenye picha. Siku zote alisimama hapo, kulia kwa mke wake.

"Baba nitamweka kwa simu," Hilda aliahidi. Hilda ni binti yao, mama yake Loveness. Ni fundi cherehani mjini Katesh.

Saa nne Hilda alifika kwa bodaboda, amebeba simu yake mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemaliza?"

Hilda akamwonyesha. Yoakimu alikuwa kwenye nafasi yake kweli, lakini amekuja na kitambaa chake cheupe. Kimefunika mahindi, kimefunika na nusu ya bega la Emanuel.

"Mbona ana shuka nyuma?" Bernadina aliuliza. "Ameanikwa?"

"Ngoja, mama. Kuna kitufe cha kufuta rangi nyeupe."

Hilda akabonyeza. Kitambaa kikatoweka. Akafurahi, akampa mama yake simu bila kuangalia vizuri.

Bernadina alitazama. Mvi hazikuwepo. Shati halikuwepo. Hata weupe wa macho ulikuwa umefutwa, na pale penye macho ya mume wake yalionekana majani ya mahindi.

Akaigeuza simu kifudifudi juu ya ungo.

"Acha, Hilda. Usimfute mara ya pili."

Hilda aliumia. Akachuchumaa karibu na mama yake. "Nisamehe, mama. Nilitaka tu uwe naye kwenye picha."

Bernadina alichambua punje mbili tatu. Kisha akasema, "Nikifumba macho naona tope tu. Sura yake haiji. Naogopa, mwanangu. Nitakuja kumsahau kabisa. Na huyu mtoto hajawahi kumwona babu yake."

Hilda akasimama. "Twende kwa Doris," alisema.

Doris ana duka la stesheneri mjini Katesh, jirani na cherehani ya Hilda. Anatoa kopi, anachapa barua, na anatengeneza picha kwa kompyuta. Alimwamkia Bernadina, akamvutia kiti karibu na kompyuta. Kisha akaangalia kazi ya Hilda.

"Ile picha yenyewe ipo?" aliuliza.

"Ipo." Hilda akaitoa kwenye bahasha aliyopewa parokiani.

"Vizuri. Hilo ndilo la kwanza. Usifanye kazi kwenye picha ya asili. Fanya kwenye nakala. Ukiharibu, unaanza upya." Doris akaiweka picha kwenye mashine na kuiingiza kwenye kompyuta.

"Mimi nimekosea wapi?" Hilda aliuliza.

"Kompyuta haijui mvi, haijui shati. Inajua rangi tu. Umeiambia ifute nyeupe, na yenyewe imefuta nyeupe yote. Kitufe kile kinafaa kama mtu amevaa nguo za rangi. Mzee wetu alikuwa mweupe kichwani na kifuani."

"Sasa tutafanyaje?"

Doris akatabasamu. "Mama Loveness, wewe ukikata gauni unafuata rangi ya kitambaa?"

"Hapana. Nafuata mstari wa chaki."

"Na hapa ni hivyo hivyo. Tunachora mstari kumzunguka mzee. Cha nje ya mstari tunakificha. Nimesema tunakificha, hatukifuti. Tukikosea, tunakirudisha."

Doris akaikuza picha mpaka sikio la Yoakimu likajaa kioo chote. Akaanza kuchora mstari kwa mausi, polepole, nukta baada ya nukta. Alipofika kwenye nywele akasita. Mvi na kitambaa vilikuwa vyeupe vyote viwili.

"Hapa sioni mwisho wa nywele," alisema.

Bernadina akasogeza kiti. "Pandisha kidogo," alisema. "Upande huu nywele zilisimama. Hata akizilowesha maji, hazikulala."

Doris akapandisha mstari.

"Na hilo sikio, usilinyooshe. Lilichanwa na waya wa zizi, tulikuwa hata hatujaoana. Liache hivyo hivyo."

"Sawa, mama."

"Alikuwa analishika akiwa na mawazo." Bernadina akashika sikio lake mwenyewe kuonyesha. Machozi yalimtoka, na huku anacheka. "Hilda, namwona! Namwona baba yako!"

Hilda akamshika mkono, akalia naye.

Kazi ilichukua zaidi ya saa nzima. Doris alilainisha ukingo kidogo ili usiwe mkali. "Tunahifadhi kwa PNG, aina ya faili inayoacha nyuma wazi," alieleza. "Ukichagua JPG, ule weupe wa nyuma utarudi." Kisha akamweka Yoakimu kwenye nafasi yake, akampunguza kimo alingane na wenzake. Mwisho akamwekea kivuli hafifu miguuni. "Bila kivuli ataonekana anaelea," alisema.

"Andika chini kwamba picha imeunganishwa," Bernadina aliagiza. "Mume wangu hakupenda uongo."

Doris akaandika: *Picha hii imeunganishwa kwa kumbukumbu ya Mzee Yoakimu.*

Jumapili baada ya misa, Emanuel aliitundika picha sebuleni. Yoakimu alisimama kulia kwa mke wake, mbele ya mahindi. Mvi zake zilikuwepo zote, na macho yake yalikuwa yanatazama mbele.

Bernadina akambeba Loveness, akamsogeza karibu.

"Huyu ni babu yako. Mwamkie."

Loveness alimtazama babu yake kwa muda mrefu. Kisha akaweka mkono kichwani mwake mwenyewe, kama alivyofundishwa kuwaamkia wazee.

"Kamoo, babu."

Bernadina akaitikia kwa niaba ya mume wake.

"Marahaba, mjukuu wangu."