Mluzi wa Josias Ng'ambo ya Kijito

"Shangazi, umesikia?"

"Sijasikia kitu. Kamua shuka hilo twende zetu."

"Umesikia. Mbona umeacha kufua?"

Shangazi Drusilla aliharakisha kutupia nguo kapuni. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umelala juu ya kijito hata ng'ambo haikuonekana, na kutoka ndani ya ukungu huo mluzi ulikuja tena, ukapanda, ukapanda, kisha ukashuka ghafla kama mtu aliyekatwa pumzi. Kezia Dunlevy alihisi nywele za kisogoni zikimsimama. Katika bonde zima la Monongahela ni mtu mmoja tu aliyepiga mluzi hivyo, naye alikuwa amekufa tangu Julai.

"Ni Josias," alinong'ona.

"Josias ni marehemu, mwanangu! Maiti hapigi mluzi. Na akipiga, haitikiwi!"

Shangazi akabeba kapu, nguo nyingine zikichuruzika maji, akakwea kilima mbio kama msichana. Kezia alibaki. Ng'ambo, kitu kirefu kilipita kati ya miti. Kilitembea kama mtu, ila mabega yake yalikuwa na manyoya.

Josias Tarrant alikuwa mchumba wake. Kosa lake ni kukubali kazi ya serikali mpya ya Marekani, ya kupita shamba hadi shamba akiandikisha mitambo ya wiski ili itozwe kodi. Kwa wakulima wa magharibi ya Pennsylvania, ambao nafaka yao ilikuwa nzito mno kuvushwa milima kwenda sokoni ila igeuzwe wiski kwanza, hiyo ilikuwa kazi ya kujichimbia kaburi. "Tumemfukuza mfalme wa Uingereza," watu walisema, kwa kuwa rais alikaa mji huo, "tumejiletea mfalme wa Philadelphia!" Jioni moja wanaume waliojipaka masizi usoni na kuvaa magauni ya wake zao walimkamata Josias njiani. Walimvua kofia, wakammwagia lami ya moto kuanzia usoni hadi kwenye koti, wakamrushia manyoya ya bata, wakamtupa porini. Mwili haukupatikana. Ilibaki minong'ono tu: watoto wameona ndege mwenye miguu ya mtu, ng'ombe wamegoma kuvuka kijito.

Nyumbani, Kezia alimkuta baba yake, mzee Malachi, mezani na Abner Gault. Abner ndiye aliyesimamisha mlingoti wa uhuru, ishara ya kupinga kodi, pale njia panda, na ndiye aliyekuwa amuoe Kezia Alhamisi ile.

"Nimesikia mluzi wa Josias."

Kijiko kilimponyoka Malachi. Abner alicheka.

"Bundi huyo, mpenzi. Ukishakuwa mke wangu utasikia mluzi wangu tu."

"Nimemwona pia. Ana manyoya."

Kicheko kikakatika. Abner aliinuka, akachukua bunduki yake ukutani.

"Umemwona wapi?"

"Bunduki ya nini, kama ni marehemu?"

"Wapo marehemu wanaokufa vibaya, Kezia. Inabidi wafe tena. Nimeuliza, wapi?"

"Kivuko cha juu," alidanganya, bila kujua kwa nini.

Abner alipoelekea juu, yeye alishuka chini. Alivuka kijito, maji yakimng'ata magoti, akaingia msituni. Ukungu humo ulikuwa mzito zaidi, na hapakuwa na ndege hata mmoja aliyelia. Kwenye gome la mti mmoja aliona manyoya meupe yameganda kwa lami.

"Simama hapo hapo," sauti ilisema nyuma yake.

"Wewe ni mzima au ni mzimu?"

"Hata mimi sijui vizuri."

Akageuka. Nusu ya uso ilikuwa ya Josias, nusu nyingine ilikuwa kovu jekundu linalong'aa. Alivaa koti lake lilelile la zamani, limekauka kwa lami, manyoya yakitikisika kila alipopumua.

Kezia hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye majani yaliyolowa.

"Ulikuwa wapi, Josias? Nimekulilia mpaka macho yamekauka!"

"Mjane mmoja Mjerumani aliniokota huko milimani. Homa ilinishika mpaka majani ya miti yakageuka rangi, baridi ikikaribia."

"Na ulipopona? Kwa nini hukuja mlangoni?"

"Nimekuja. Kila ukungu ukishuka nakuja, nakutazama. Nilitaka kujua kitu kimoja." Alimeza mate. "Gauni la kijani la marehemu mama yako, lenye ua la njano kifuani. Mmoja wa walionikamata alilivaa. Nani alilitoa sandukuni?"

"Gauni la mama? Haiwezekani. Sanduku limefungwa."

"Na ufunguo uko kwako."

"Uko kwangu na kwa..."

Josias akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi hukujua. Shaka hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniua, si lami."

"Ulimtambua aliyelivaa?"

"Jeshi la rais limeshavuka milima kuja kuwasaka waasi wa kodi. Alhamisi litakuwa hapa, nami nitaulizwa majina. Nenda nyumbani, Kezia."

Ukungu ukammeza.

Gauni lilikuwa sandukuni, limekunjwa vizuri kama mama yake alivyolikunja, lakini kifuniko kilipofunguka harufu ya lami ilijaa chumba. Pindo lilikuwa limeng'ang'aniwa na manyoya.

"Usilikunjue," Malachi alisema mlangoni. "Nakusihi. Kila nikilala nalisikia likijisugua humo ndani, kana kwamba kuna mtu analivaa."

"Baba. Josias alikula kwenye meza yetu!"

"Abner alisema nisipokwenda watachoma ghala na nyumba, na wewe ukiwa ndani."

"Na unaniozesha kwa huyo huyo?"

"Naogopa, binti yangu." Mzee alikuwa akilia bila sauti. "Hofu ikishahamia nyumbani, yenyewe ndiyo inayopanga nani aoe nani."

Kezia angeweza kukataa ndoa siku ileile. Hakukataa. Abner alikuwa akizunguka msituni kila siku na bunduki, na Kezia alijua ni saa moja tu atakayoiweka chini: saa ya kusimama kanisani, Alhamisi ambayo jeshi lingefika.

Alhamisi kanisa lilijaa. Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Halafu, nje, mluzi ukapanda, ukapanda, ukashuka.

Mlango ulifunguka, ukungu ukaingia kwanza, kisha koti la manyoya. Wanawake walijificha nyuso. Mtu alianza kusali kwa sauti. Abner alirudi nyuma mpaka akagonga meza ya mchungaji.

"Huwezi kuwa wewe! Tulikuacha huna pumzi!"

Nyuma ya Josias aliingia kapteni na wanajeshi wake.

"Asante," kapteni alisema. "Umesema 'tulikuacha'. Wewe na nani?"

Abner alifumba mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Walimfunga mikono. Kapteni akamgeukia Josias.

"Wengine?"

Macho ya Josias yalipita benchi hadi benchi, yakamfikia Malachi, yakatulia.

"Walijipaka masizi. Sikuwatambua."

"Muongo!" Malachi alisimama, amejishika benchi. "Alinitambua. Aliniita baba, mbele ya wote, aliniita baba, nami nikaendelea kumwaga lami. Nifungeni."

Kezia alimkimbilia. Kisha akasimama katikati ya watu wake wawili, hajui amshike nani.

Wafungwa walipelekwa Philadelphia kwa miguu, katika theluji. Abner alitoroka njiani, hakuonekana tena. Malachi alikaa gerezani msimu wote wa baridi, lakini katiba mpya ilitaka mashahidi wawili walioliona tendo lenyewe, si kukiri kwa kanisani, ili kumtia mtu hatiani kwa uhaini, na Josias alikataa kwenda kutoa ushahidi. Hata shahidi mmoja hakupatikana.

Mzee aliachiwa, akafika bondeni siku ya harusi ya Kezia na Josias, mwezi wa Mei. Hakuingia. Alisimama langoni ndani ya ukungu, kofia mkononi, mpaka bwana harusi akamfuata.

"Ingia ndani, chakula kinapoa."

"Siwezi kukaa meza moja na uso huo, kijana. Nikiutazama nausikia ukiungua."

"Mimi nimeuzoea. Na wewe utauzoea."

"Na nisipouzoea?"

"Utakula ukitazama sahani yako. Lakini utakula humu."

Josias alimshika mkono. Kezia aliwatazama kutoka mlangoni wakija polepole, bega kwa bega, na walipokaribia aliona kwamba mkono uliokuwa ukitetemeka haukuwa wa mzee, bali wa Josias.