Nyuki Waliogoma Mbeya

Hakuna aliyeishi Mbeya asijue mlio wa nyuki-tabibu. Walikuwa vyombo vya chuma vyenye ukubwa wa ngumi, kila kimoja na sindano yake ya dawa, na kazi yao ilikuwa kuwakimbilia watu wenye mioyo-mashine vifuani. Kila moyo-mashine ulituma herufi moja kwenye kituo cha nyuki hao kwa kila pumzi: herufi kubwa ukiwa mzima, herufi ndogo ukianza kuchoka. Programu ya kituo, iliyoandikwa kwa lugha kongwe ya C, ilikagua herufi hizo bila kupumzika. Ikikuta ndogo, nyuki huyo, karuka.

Asubuhi ile kituo kilihamia kwenye ubongo-kioo, kompyuta mpya kabisa. Ukumbi ulijaa wageni. Dakika zikapita, nyuki wote wametulia kwenye masega yao.

"Mnaona?" akasema mkurugenzi Anyosisye, suti inamng'aa. "Mji mzima hauna hata mgonjwa mmoja!"

Wakapiga makofi. Jamani, watu wazima na akili zao! Injinia Tumpe Mwaisumo hakupiga. Mama yake kule Uyole ana moyo-mashine na hasikii la mtu kuhusu jembe. Kila siku ya Mungu lazima auchokoze huo moyo shambani mpaka nyuki amfuate. Leo kimya? Akampigia simu.

"Nipo kwenye viazi, mwanangu," mama alijibu, sauti nyembamba. "Nimekaa chini, kifua kinanibana. Huyo nyuki wenu kagoma?"

 Tumpe akamvuta mkurugenzi pembeni.

"Mzee, turudishe kompyuta ya zamani. Nyuki hawasikii, na mama yangu kazidiwa shambani."

"Mbele ya wageni? Utaniaibisha, dada. Kama ni mama, mwongoze nyuki mmoja kwa mkono, yaishe."

Tumpe alitazama usukani wa kuongozea nyuki. Angeushika, asingeuachia mpaka Uyole, na mjini kulikuwa na mama wa watu wengine. Roho ilimuuma, wacha tu. Akauacha usukani, akaketi mbele ya programu.

"Mama, usikate simu. Hesabu viazi, nikusikie."

"Nihesabu viazi, mimi?" Lakini akaanza kuhesabu.

Tumpe aliiandikia mashine herufi ndogo moja kwa mkono, akaitazama inavyopita. Ilifika kwenye swali la ukaguzi, *islower*, linalouliza kama herufi ni ndogo. Jibu likatoka: 512. Akaruka kitini. Kanuni ya swali hilo ni moja: sifuri maana yake hapana, na namba nyingine yoyote maana yake ndiyo. Kompyuta ya zamani ilizoea kusema ndiyo kwa 1, na mwandishi wa programu akaamini ndiyo ni 1 tu, akaandika `== 1`, yaani "sawasawa na 1". Ubongo-kioo ulikuwa ukisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa 512, na programu inausikia kama hapana.

Anyosisye alikuwa amesimama nyuma yake. Mstari ule aliuandika yeye, enzi za ujana wake.

Tumpe alifuta zile alama za usawa na ile 1, akaiwasha programu upya. Masega yakafumuka. Nyuki walitoka kwa wingi mpaka wageni wakainama. Simuni mama alikuwa amenyamaza, na Tumpe akawa anaita, anaita, machozi yanamtoka bila aibu.

"Ai! Kanichoma huyu!" mama akapiga kelele. "Na viazi nimevisahau nilifika wapi."

Tumpe alicheka na kulia pamoja. Kisha nyuki mmoja akarudi, sindano yake bado imejaa. Alitumwa kwa mzee Lugano, fundi viatu wa Mwanjelwa, akakuta moyo umeshasimama.

Anyosisye alikaa kitako sakafuni, suti na yote. "Tuseme moyo wake ulikuwa umechakaa," alinong'ona. "Nani atajua?"

"Mimi najua." Tumpe alimshika mkono, akamwinua. "Twende Mwanjelwa, mzee. Tutawaambia wanawe kwamba moyo wa baba yao uliita mpaka mwisho, na walioshindwa kuitika ni sisi."