Pingamizi la Sindano

Mwisho wa mwezi duka la vitambaa hujaa mpaka watu wanakanyagana. Binti mmoja mshona nguo alikuwa amekumbatia robota la satini, anasukumana kuelekea kwa muuzaji, mara bisibisi ikashuka kutoka juu na kutua kwenye ncha ya kiatu chake.

"We! Unataka kuniua?"

Juu ya ngazi, fundi umeme aliyekuwa akifunga feni alikodoa macho. Ovaroli ya bluu, vumbi kwenye nyusi, na tabasamu, jamani, la kumsahaulisha mtu alichofuata dukani.

"Samahani, dada. Ingekuumiza ningekubeba mgongoni mpaka hospitali."

"Kwa mgongo huo mwembamba?"

"Nijaribu uone."

Wakacheka, wakapeana namba, na mapenzi yakashika kasi. Simu asubuhi, simu mchana, Jumapili benchi moja kanisani. Fundi alimwita binti Sindano, kwa vile mdomo wake ulichoma. Shida ilikuwa moja tu: Sindano akigusia ndoa, mwanamume anababaika. "Tujipange kwanza, mpenzi." Mwaka ukaisha wanajipanga.

Basi ile Alhamisi fundi alipopiga goti katikati ya mabaki ya vitambaa na kusema, "Nikuoe, Sindano, mwezi ujao tu," binti alilia kwa furaha.

"Nipe mpaka Jumapili nikujibu," alisema, kwa madaha tu. Moyoni alishakubali zamani.

Jumamosi shangazi yake, mzee wa kanisa, alikuja kujaribu gauni lake la zambarau.

"Hongera, mwanangu! Mkwe wetu anaingia baraza la wazee."

"Tangu lini?"

"Kesho jina linasomwa. Tulimwita Jumatano. Katiba ya kanisa letu unaijua, mwanamume asiye na mke, wala harusi iliyokaribia, hakalii kiti kile. Tukamuuliza, akasema ana mchumba na harusi ni mwezi ujao. Mbona umebadilika?"

Pini zilimponyoka Sindano. Shangazi alipotoka tu, akashika simu.

"Jumatano uliwaambia nini wazee?"

"Nani kakwambia?"

"Nijibu!"

"Niliwaambia nina mchumba. Kwani sina?"

"Jumatano ulikuwa naye? Mimi nimeombwa Alhamisi! Mwaka mzima nakungoja wewe, kumbe nangoja kikao cha wazee!"

"Mpenzi, nisikilize..."

Alikata. Simu ikaita mpaka ikachoka.

Jumapili kanisa lilifurika. Fundi alikaa mbele na wateule wengine, suti ya kijivu, uso umemshuka. Mchungaji akasoma jina lake, akaongeza kwamba harusi yake inanukia, waumini wakapiga makofi.

"Kabla hatujamsimika," mchungaji alisema, "mwenye pingamizi asimame."

Sindano alipiga hesabu. Akinyamaza, ataolewa, na maisha yake yote hatajua kama alitakwa yeye au kilitakwa kiti. Alisimama. Shangazi akamvuta gauni. "Kaa chini, utatuaibisha!"

"Mchungaji, harusi hiyo siijui. Mimi sijamkubalia."

Minong'ono ikazagaa. Mchungaji alivua miwani. "Fundi, tusaidie."

Angeweza kuchekesha watu mambo yakapita. Alisimama jasho likimtiririka. "Anasema kweli. Niliwadanganya, nilikuwa hata sijamwomba. Naomba jina langu liondolewe."

Akatoka kwa mlango wa pembeni. Sindano alimkuta nyuma ya jengo, kalegeza tai.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Mwaka mzima nakuogopa. Fundi wa kuhangaika na ngazi kama mimi, ningekupa nini? Wazee waliponiuliza, nikapata ujasiri wa kuazima."

"Na wasingekuuliza?"

"Sijui."

Jibu hilo lilimuuma kuliko uongo wenyewe. "Nikuombe tena?" akauliza fundi. "Sasa hivi?"

"Leo utaniomba kwa aibu, juzi uliniomba kwa cheo. Siku utakayonitaka mimi tu, njoo. Usiponitaka, usije."

Hakuja. Majuma yalipita, kiti kikapata mwingine, watu wakapata umbea mpya. Sindano alijifanya mkavu, lakini kila simu ilipoita alichoma kidole chake mwenyewe, na usiku alilia.

Jumanne moja, mchana kweupe, fundi alitokea mlangoni na ovaroli yake, anahema.

"Kuna nini?" Sindano aliuliza.

"Hakuna kitu. Nilikuwa juu ya ngazi nafunga nyaya, nikakukumbuka, nikashuka. Bado naogopa, Sindano. Lakini nataka nikuoe."

Alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta sababu nyingine usoni mwake. Hakuiona.

"Na kazi je?"

"Nimeiacha hivyohivyo. Jengo zima halina umeme."

Sindano akaangua kicheko, machozi yakimtoka.

"Nioe, basi. Lakini nenda kwanza ukawawashie watu taa."