Jina la Faili Lipo, Watoto Hawamo

Mwanvua na mumewe Atumani, wazazi wa Chadia, wana kibanda cha kuandika karatasi mjini Kasongo. Wana kompyuta moja, printa moja na jenereta ndogo. Asubuhi Mwanvua anaandika barua za watu. Mchana wanakuja wachimbaji wa dhahabu kutoka Salamabila, wanataka filamu na nyimbo. Kompyuta haipumziki, na Mwanvua hapumziki. Macho yanamwasha, mgongo unamuuma, na nyumbani sombe, majani ya muhogo ya kupika, bado haijatwangwa.

Umeme wao unatokana na petroli, na petroli inatoka mbali kwa pikipiki. Kwa hiyo mume na mke wana utaratibu wao. Kazi ya mwisho ikikaribia kuisha, Atumani anakwenda nyuma ya kibanda na kuinama juu ya jenereta. Mwanvua akibonyeza kuhifadhi, anapaza sauti: "Imeingia!" Hapo hapo Atumani anazima. Majirani huwatania kwamba katika mambo mengine ya ndoa yao hawaelewani upesi hivyo.

Alhamisi moja alifika Mwalimu Célestine kutoka Wamaza. Alikuwa juu ya pikipiki tangu alfajiri, na penye matope alishuka akatembea. Aliweka daftari mezani. Ndani yalikuwamo majina sitini na matatu ya wanafunzi wa darasa la sita, pamoja na tarehe za kuzaliwa na majina ya wazazi.

"Mama Chadia, hawa ni watoto wa mutihani," alisema. "Kwa inspection, ofisi ya masomo, wanataka liste ya majina ndani ya clé, ile kidogo ya kuchomeka kwa masini, hawataki karatasi. Mwisho ni kesho saa sita ya mchana. Mutoto asiyekuwa na jina hafanyi mutihani mwaka huu."

"Sitini na watatu?" Mwanvua alishusha pumzi. "Nimechoka, mwalimu."

"Najua. Lakini kuko mutoto moja, Chimène. Amesoma hii darasa mara tatu. Si bujinga. Kila mwaka mutihani ikifika, familia yao iko porini, wanakimbia vita."

Mwanvua alifungua daftari. Alivuta kiti akaanza kuandika.

Siku ile ile, mfanyabiashara aitwaye Souleymane alileta diski yenye filamu mia mbili. Atumani aliichomeka kwenye kompyuta ili filamu ziingie ndani. Zilikuwa zinaingia huku Mwanvua anaandika. Kompyuta ilivuma kama kinu cha mchele. Saa kumi alimaliza jina la mwisho. Filamu nazo zilionekana zimekwisha. Alibonyeza kuhifadhi.

"Imeingia!"

Atumani alizima.

Ijumaa asubuhi waliwasha. Kompyuta iliamka vizuri. Jina la faili lilikuwepo: Wamaza, darasa la sita. Mwanvua aliifungua faili. Ndani alikuta mistari michache ya kadi ya mwaliko wa harusi, kadi waliyoifuta mwezi uliopita. Hapakuwa na jina la mtoto hata mmoja.

"Baba Chadia, kuja mbio," aliita. "Liste imegeuka harusi."

Mwalimu Célestine aliingia wakati huo huo. Alitazama kioo cha kompyuta, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Atumani alikimbia kumwita Marie-Louise, fundi anayetunza mashine za redio ya mtaa. Alikuja akiwa bado anatafuna muhogo wake wa asubuhi. Alisikiliza mambo yote, kisha akachungulia ndani ya kompyuta.

"Nani alibadilisha réglage, mupango ya disque ya hii masini?" aliuliza.

Atumani alitazama chini. "Ni miye. Watu walilalamika masini iko polepole. Niliambia fundi moja aifanye iende mbio."

"Ehe. Ilienda mbio kweli." Marie-Louise alivuta kiti. "Munajua depot, ghala ya mchele kule sokoni? Ndani ya masini kuko muchungaji, mulinzi wa magunia, sawa na yule wa depot. Iko na daftari. Anaandika: gunia ya fulani iko chumba ya tatu. Daftari ile ni muzuri. Umeme ikikatika, masini inaisoma, inajua pa kuanzia. Ndiyo maana leo imeamka bila taabu. Lakini kwa masini yenu daftari inashika jina na chumba tu. Gunia yenyewe iko kichwani kwa wabebaji."

"Na jana wabebaji walikuwa wapi?" aliuliza Mwanvua.

"Mulileta filamu mia mbili, mama! Wote walikuwa wanabeba filamu. Masini ilisema filamu zimekwisha, lakini zilikuwa zimejaa kwa mulango, zinangoja kubebwa. Liste yenu ilisimama nyuma yao. Masini ilikuambia imeingia sababu iliipokea kwa mulango. Kupokea kwa mulango si kuweka ndani ya chumba. Mulipozima, kila kitu kilichokuwa mulangoni kikapotea."

"Na harusi?"

"Chumba ya liste yenu ilikuwa na makapi ya zamani. Mukifuta kitu, masini haifagii. Inasema tu chumba iko wazi. Muchungaji aliandika liste iko pale, mbele ya liste kufika. Mulipofungua mulikuta makapi."

Atumani alijikuna kichwa. "Basi ni fundi wangu alimuruhusu muchungaji aandike mbele ya gunia kufika."

"Ndiyo ile mbio uliyoomba. Sasa nitarudisha: gunia kwanza, daftari nyuma. Itakuwa polepole kidogo, musikasirike."

"Kisha nitaweza kuzima mara moja?"

"Hapana, Baba Chadia! Gunia iko na safari yake. Ukikata umeme haraka, utapoteza tu kazi ya mwisho. Hautakuta tena makapi ya mutu mwingine, lakini kazi itakuwa imepotea. Na musichanganye filamu na kazi ya watu."

"Liste ya jana inaweza kurudi?" aliuliza Mwalimu Célestine kwa sauti ndogo.

"Hapana, mwalimu. Haikufika chumbani hata siku moja."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Marie-Louise alirekebisha kompyuta, akaandika neno moja kwenye kipande cha karatasi. "Ukimaliza, andika hii ndani ya dirisha jeusi nimefungua hapa kwa kioo. Ni kumwambia muchungaji asukume magunia yote ndani. Akimaliza atakurudishia mustari mutupu. Mbele ya hapo, usiguse kitu."

Mwalimu Célestine alifungua daftari na kuanza kusoma. Mwanvua aliandika. Jina baada ya jina, tarehe baada ya tarehe. Kufikia jina la thelathini sauti ya mwalimu ilikauka. Kufikia la arobaini Mwanvua aliandika mtoto mmoja mara mbili, akafuta, akasugua macho. Vidole vilikuwa vizito. Alitamani kulaza kichwa juu ya meza dakika tano tu.

Souleymane alikuja kutaka filamu nyingine. Atumani alisimama mlangoni. "Leo hapana, yaya, kaka yangu. Hata moja." Souleymane aliondoka akinung'unika.

Saa tano na robo jina la sitini na tatu liliandikwa. Mwanvua alibonyeza kuhifadhi. Nyuma ya kibanda jenereta ilianza kukohoa. Petroli ilikuwa inaisha.

"Imeingia?" Atumani alipaza sauti.

"Bado! Usizime!"

Aliandika lile neno la Marie-Louise. Alingoja, mikono mapajani. Zilikuwa sekunde chache tu, lakini Mwanvua anasema hajawahi kungoja kitu kirefu vile, hata uchungu wa uzazi. Mstari mtupu ukarudi. Alinakili orodha kwenye clé, akaandika neno tena, akangoja tena. Kisha aliifungua orodha kutoka kwenye clé yenyewe, akashuka kwa kidole. Chimène alikuwa wa kumi na saba.

"Sasa iko ndani," alisema. Jenereta ikazimika yenyewe.

Mwalimu Célestine alikimbia na clé mkononi. Saa sita kasoro dakika kumi ilikuwa juu ya meza ya inspection. Waliifungua mbele yake, wakahesabu watoto wote.

Tangu siku ile, filamu zinaingizwa mchana tu, baada ya barua kwisha na kuhakikishwa. Atumani haendi nyuma ya kibanda mpaka mkewe aone mstari mtupu. Sasa wanatumia petroli nyingi kidogo kuliko zamani. Atumani bado analalamika kuhusu hiyo petroli, lakini hazimi.

Mwezi wa saba, siku ya mtihani, simu ya Mwanvua ililia. Alikuwa Mwalimu Célestine. Alikuwa amepanda kilima ili apate mtandao, akihema.

"Mama Chadia, nimetoka kuchungulia kwa dirisha. Chimène iko kwa benchi yake. Iko anaandika."

Mwanvua aliishika simu kwa mikono miwili. Alilia mbele ya wateja wake, kwa uchovu wote wa mwaka ule na kwa furaha.