Kiuno cha Inchi Thelathini

Kila asubuhi kabla ya kuanza kushona, fundi cherehani alijizungushia futi kiunoni.

"Inchi thelathini!" alimtambia mkewe. "Zilezile nilizokuwa nazo tulipofunga ndoa. Wewe je?"

"Yangu yaache," mkewe alijibu. Alicheka, lakini hakuwa na raha. Kaka yake fundi, mwembamba vilevile, alikuwa ameanguka kazini akafa kwa ugonjwa wa moyo. Ndiyo maana mke alimkokota mumewe wakapimwe damu wote wawili. Fundi alinung'unika njia nzima.

"Wanene ndio wenye mafuta kwenye damu. Mimi mafuta yangu ni ya cherehani tu."

Majibu aliyatupia kwenye droo ya vifungo bila kuyasoma. Jirani yao muuguzi alipofuata sare yake, mke aliyatoa akampa asome.

"Mama, yako mazuri," muuguzi alisema. "Baba, lehemu yako iko juu. Hasa ile mbaya."

"Umechanganya karatasi, binti yangu. Mtazame yeye, halafu nitazame mimi."

"Sijachanganya. Futi inapima nje, baba. Lehemu ni mafuta yaliyo ndani ya damu. Ini lenyewe huyatengeneza, na wengine hurithi tatizo hili. Yakizidi, hugandamana kwenye mishipa na kuifanya myembamba. Husikii chochote, mpaka siku mshipa unaziba."

Fundi aliichukua karatasi akaitazama mwenyewe.

"Sitaki kuwa mjane, baba watoto," mkewe alisema.

Kesho yake walikwenda kwa daktari. Fundi alipewa vidonge vya kila siku. Aliambiwa apunguze vya kukaanga na nyama ya mafuta, na atembee, maana kutwa alikuwa kitini.

Mwezi haujaisha, akaanza ukaidi.

"Vya nini tena? Mbona siumwi?"

"Na kaka yako alikuwa anaumwa?"

Fundi alimeza kidonge.

Baada ya miezi mitatu alipimwa tena. Lehemu ilikuwa imeshuka. Daktari alimwambia aendelee na dawa, asiache mwenyewe. Mkewe alilia kwa furaha palepale.

Wiki hiyo alikuja mtoto wa marehemu kaka yake, mtu mzima mwenye watoto wawili, kushonewa suruali. Fundi alimpima kiuno.

"Inchi thelathini!" kijana alijisifu. "Nimefuata ukoo, baba mdogo."

Fundi aliikunja futi akaitia mfukoni.

"Hilo ndilo linalonitisha. Suruali itasubiri. Twende ukapimwe damu."