Helmeti Ndani ya Pipa

Kila Jumapili baada ya kutoka kanisani, Mideva aliketi sakafuni kati ya magoti ya mama yake ili asukwe nywele. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yake, kama mama alivyomwahidi. Siku nyingine zote mama yake, Triza, alikuwa barabarani na pikipiki akiwapelekea wateja vyakula na vifurushi. Mideva akitoka shuleni alikuta chumba chao katika mtaa wa Tena kimefungwa, na ufunguo uko kwa jirani. Alikula peke yake, akafanya kazi ya ziada peke yake, na mara nyingine alipitiwa na usingizi akiwa bado na sare, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia aivue.

Ahadi ni deni, na deni la Jumapili lilikuwa limeanza kukawia. Yalikuwa majira ya mvua, na mvua ikinyesha watu wa mjini hawataki kutoka; huagiza chakula kwa simu. Jumapili iliyopita simu ya Triza ililia, naye akasema aikimbize ile oda moja tu. Moja ikazaa nyingine. Jumatatu Mideva alikwenda shuleni na nywele alizojifunga mwenyewe, zimesimama kama ufagio, na wenzake wakacheka hadi wakachoka.

Basi Jumapili hii wingu lilipotanda, msichana alijua litakalofuata. Mama yake alikuwa bafuni. Mideva aliijua sheria ya mama yake kama alivyoijua sala ya Baba Yetu: bila helmeti, pikipiki haiwashwi. Triza aliisema mara nyingi mpaka wanaboda wenzake wakawa wanamtania nayo. Mideva akaitoa helmeti nyekundu nyuma ya mlango, akaitia ndani ya pipa la maji. Pipa lilikuwa tupu, kwa kuwa mifereji ilikuwa imekauka tangu katikati ya wiki. Akalifunika, akaweka beseni juu, akaketi sakafuni na kitana mkononi kama mtoto asiyejua lolote.

Simu ililia upande mmoja wa kichwa ukiwa tayari umesukwa. Triza akaitafuta helmeti nyuma ya mlango, chini ya kitanda, hadi kwenye ngazi. Akamuuliza bintiye kama ameiona.

"Sijaiona, Mama," Mideva akajibu, macho yake sakafuni.

Alingoja mama yake aketi tena, lakini mama hakuketi. Alisimama kidogo, labda akiwaza kodi ya nyumba, kisha akashuka. Kutoka dirishani Mideva alimwona akizungumza na Wakoli, kijana aliyekuwa akisubiri kazi pamoja naye nje ya hoteli iliyo ng'ambo ya barabara. Wakoli akampa helmeti kuukuu ya akiba. Mkanda wake wa kidevuni ulikuwa umekatika. Triza akaufunga kwa kipande cha kamba ya manila, akaiwasha pikipiki, akaondoka.

Chumba kikawa kikubwa ghafla. Chumba cha juu watoto walikuwa wakicheka. Cha pili kilinukia chapati. Kila mtu alikuwa na mtu wake. Mideva alijishika kichwa, upande uliosukwa na upande usiosukwa, akaona hasara yake yote: mama hayupo, helmeti ipo. Ile kamba ya manila ikakataa kumtoka akilini.

Ndipo mfereji ukakoroma na ploti nzima ya wapangaji ikaamka: maji yamerudi. Mama Sabrin, jirani aliyewekewa ufunguo, akaja na mpira wa maji kuwajazia pipa, maana Triza huwa hayupo maji yakija. Akaondoa beseni, akafunua, akachungulia.

"Mideva, hii helmeti ilikuwa inangoja kuoga?" akauliza polepole.

Mideva akaangua kilio. Akaeleza yote, hata ile kamba. Kisha akaomba simu ampigie mama yake, na Mama Sabrin akatikisa kichwa.

"Usimpigie. Akiona simu ya nyumbani atadhani kuna moto, naye ataishika akiwa kwenye magari. Utaongeza kosa juu ya kosa. Chukua helmeti, twende."

Mideva alivuka barabara kwenye mvua, nusu ya nywele imesimama, helmeti kifuani. Wakoli aliwaambia kwamba Triza alikwenda Makadara na kwamba sasa angepaswa kuwa amerudi. Wanaboda walioitambua ile helmeti nyekundu wakaacha mizaha. Kila pikipiki iliyochomoza kwenye kona, Mideva aliinuka, na kila moja ilikuwa ya mtu mwingine. Alikuwa amezoea kumngoja mama yake, lakini hakuwahi kumngoja hivi. Mama Sabrin alimshika bega, hata hivyo msichana alijiona yuko peke yake duniani.

Hatimaye Triza akatokea kwa miguu, kichwa wazi, akiisukuma pikipiki kando ya barabara, viatu vimejaa matope. Alikuwa mzima. Kwenye usukani alikuwa ametundika helmeti ya Wakoli, au tuseme kilichobaki. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba alifunga breki ghafla Jogoo Road, kamba ikakatika, helmeti ikamchomoka kichwani na kubingirika hadi chini ya gurudumu la lori. Ilikuwa imepasuka kama ganda la yai.

Mideva akayatazama yale mapande, kisha akakitazama kichwa cha mama yake. Akamnyooshea helmeti nyekundu.

"Niliificha mimi, Mama. Nikakudanganya. Nilitaka ubaki."

Triza aliipokea, akapitisha kidole kwenye mkanda wake mzima. Wakoli akatazama pembeni, kwa kuwa naye alijua alichokuwa amempa mwenzake.

Jioni hiyo simu ilizimwa. Mideva aliketi tena kati ya magoti ya mama yake, na Mama Sabrin akaja na birika la chai. Triza alisuka akizivuta nywele kwa nguvu kuliko kawaida.

"Uongo wako nusura uniue," akasema mwishowe. "Usilisahau hilo. Lakini nami nilijidanganya. Helmeti isiyo na mkanda ni kofia tu ya kumwonyesha polisi. Nilijua, na haraka ikanishinda."

"Nilikuwa mpweke, Mama. Sikujua nitasemaje."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Mama Sabrin akasema. "Upweke nao ni maradhi, mwanangu. Ukikubana, sema. Mama yako akiwa barabarani, mlango wangu unaujua."

Triza akakubali kwamba Jumapili alasiri simu ya kazi haitawashwa tena, mvua inyeshe isinyeshe. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya shule, Mideva ndiye anayeufunga mkanda chini ya kidevu cha mama yake. Huuvuta kidogo kuhakikisha umeshika, kisha husema lililo moyoni mwake, hata kama ni kwamba leo hapendi kubaki peke yake.